Barua za wasomaji: Tangazo lako la tuisheni linasema nini?

Shule zikikaribia kufungwa, nguzo za stima Nairobi hujaa matangazo ya walimu, yakibanana na ya waganga na ya vyumba vya kupangisha. Mwezi huu walioniandikia wengi ni walimu hao na wazazi wanaowalipa. Naanza na barua iliyonipa kazi nyingi.

SWALI: Mwalimu, pokea salamu zangu kutoka Umoja. Nilisomea ualimu, Kiswahili na Dini, na kwa kuwa bado sijaajiriwa na TSC, tume inayoajiri walimu, nafundisha watu nyumbani kwao. Nina watoto wa majirani, na nina mama mmoja Mjerumani anayefanya kazi Gigiri. Nimemfundisha Kiswahili hadi sasa anabishana na makanga. Ameniambia wenzake ofisini wanatafuta mwalimu, basi niandike tangazo la Kiingereza alibandike kwenye ubao wao. Nimeandika hivi: “I do offer private individual tuitions of Kiswahili to personal persons, one by one, physical or online. Two hours lesson at affordable prices.” Kaka yangu anasema ni sawa. Rafiki yangu aliyesoma Uingereza alicheka, halafu akakataa kuniambia anacheka nini. Nitumie neno gani: private, individual, personal, one-on-one au one-to-one?
Mwalimu wa nyumbani, Umoja

JIBU: Huyo rafiki ana deni la maelezo kwako. Nitamlipia mimi.

Tangazo lako linaeleweka, usikose usingizi. Shida ni kwamba umekusanya kila neno la Kiingereza lililo karibu na maana unayoitaka, ukayapanga foleni ukitumaini moja kati yake litakuwa lenyewe. Nilipokuwa nikihariri matangazo madogo katika gazeti moja la hapa mjini, foleni ya namna hii ilinifikia kila wiki, na wenye matangazo walikuwa wakilipa kwa idadi ya maneno. Mtu alitoa pesa mfukoni kununua “individual” na “personal” wakati “private” ilishamaliza kazi.

Hebu tuyatenganishe. “Private” inaeleza mpango: somo halitolewi na shule, ni mapatano kati yako na anayelipa. Haitaji idadi ya wanafunzi. Ukienda Kileleshwa Jumamosi ukawafundisha ndugu wawili na binamu yao kwenye meza moja, hizo ni “private lessons” na hakuna Mwingereza atakayekupinga. “Individual” ndiyo inayohesabu: mwanafunzi mmoja kwa kila somo. Neno hili hupata nguvu pale palipo na kundi la kulinganisha. Shule ya muziki inaweza kuandika “individual lessons” juu ya bei moja na “group lessons” juu ya nyingine, mzazi akaelewa mara moja kwa nini ile ya kwanza ni ghali. Wewe huna darasa la kundi, kwa hiyo neno hilo halina la kushindana nalo.

Ukiyaunganisha, “private individual tuitions”, unajitegea mtego. “Private individual” ni msemo unaojitegemea katika Kiingereza cha mikataba na benki. Maana yake ni mtu binafsi, asiye kampuni wala afisa anayesema kwa niaba ya serikali. Hao watu wa Gigiri unaowaandikia wanashinda wakisoma karatasi zenye msemo huo. Jicho lao litausoma hivyo kwanza, kisha lirudi nyuma kutafuta hizo “tuitions” zinamhusu vipi huyo mtu binafsi. Ni sekunde moja tu inayopotea, lakini tangazo la ubaoni husomwa kwa sekunde ngapi? Sisemi kwamba maneno hayo hayawezi kukaa pamoja. “Private, individual lessons”, yenye koma katikati, ni Kiingereza kisicho na kosa. Ila nikiiona koma hiyo huuliza kama mwenye tangazo kweli anayahitaji yote mawili, na mara nyingi hayahitaji.

“Personal persons” ifute leo. “Personal” hufuatana na mambo ya mtu mwenyewe, mwili wake, siri zake, mali yake. Najua kuna “personal trainer” wa mazoezi, na huenda ndiko ulikolitoa. “Personal lessons” itamfanya msomaji asite, na “personal persons” haina maana yoyote. Nadhani ndipo rafiki yako alipocheka.

“One-on-one” na “one-to-one” ni sahihi yote mawili, tofauti ni ya nchi. “One-on-one” ni ya Wamarekani, ambao huitumia pia kwa mpira wa vikapu mchezaji mmoja akimkabili mwenzake. Waingereza hupendelea “one-to-one”. Sisi tahajia yetu ya shuleni ni ya Uingereza, lakini midomo ya Nairobi ilishahamia “one-on-one” zamani, na siwezi kugombana na jiji zima. Kwa ubao wa Gigiri ningeandika “one-to-one”, kwa sababu Umoja wa Mataifa, wenye ofisi zake huko, nao hufuata tahajia ya Uingereza katika nyaraka zake. Ukishachagua moja, baki nalo hadi mwisho wa tangazo. Na vistari usiviache: “one-to-one lessons”, kwa kuwa maneno matatu yamegeuka kivumishi kimoja mbele ya nomino.

“One by one” ni jambo lingine kabisa, ni mmoja baada ya mwingine. Ulivyoandika, naona Wajerumani wamejipanga mlangoni na wewe unawaita kwa zamu.

Sasa hilo “tuitions”. Kwa Kiingereza sanifu “tuition” haina wingi, hivyo herufi ya mwisho iondoe. Lakini mimi ningeliondoa neno zima. Hapa kwetu lina mambo yake. Mzazi wa Nairobi akisikia “tuition” anawaza likizo, Jumamosi, na pesa za ziada alizotakiwa kutoa ili mtoto asiachwe nyuma. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilipiga marufuku masomo ya likizo kwa wanafunzi wa shule, na tangu hapo neno hilo limebaki na harufu ya jambo la kufichaficha. Kumfundisha mtu mzima Kiswahili baada ya kazi hakuhusiani na katazo hilo, sasa harufu yake ya nini? “Lessons” inahesabika, ina wingi wake, na haina kesi na mtu. “Classes” pia hutumika, ila inaleta picha ya darasa lenye watu.

“Of Kiswahili” umeichukua kwenye “masomo ya Kiswahili”, nami nakuelewa. Kiingereza huliweka jina la somo mbele: “Swahili lessons”. Wapo wanaoandika “lessons in Swahili” na si kosa, lakini inaweza kusomeka kwa namna mbili, kwamba unafundisha Kiswahili au kwamba unafundisha hesabu kwa Kiswahili. Na “private” itangulie: “private Swahili lessons”. Ukiipindua ikawa “Swahili private lessons”, kila mtu ataelewa na kila mtu atajua kuwa si lugha yako.

Utaniuliza kwa nini nimeandika “Swahili” na si “Kiswahili”. Katiba yetu ya 2010, katika nakala yake ya Kiingereza, inasema “Kiswahili”, na mtaala unasema hivyo hivyo. Kwa wazazi wa Buruburu na Donholm andika “Kiswahili”. Lakini mgeni anayetafuta mwalimu huandika “Swahili” kwenye simu yake, basi mfuate aliko. Wapo watakaoniandikia kwa hasira kwa kauli hii. Nawasubiri.

Yaliyobaki nitayapitia haraka. “I do offer” ni Kiingereza chetu cha hapa. Kwa wenyewe hiyo “do” husikika kama unamjibu mtu aliyekukatalia. “I offer” inatosha, na kwenye tangazo hata hiyo huihitaji. “Two hours lesson” iwe “two-hour lesson”, bila herufi ya wingi, kwa sababu saa hizo zimekuwa kivumishi. “Physical” sote tuliizoea shule zilipofungwa mwaka wa 2020 na masomo yakahamia mtandaoni, tukahitaji neno la yale ya zamani. Anayetoka Ulaya akiona “physical lessons” atadhani mtakimbia na kuruka kamba. Andika “in person” au, vizuri zaidi, taja mahali.

Na hiyo “affordable prices”! Nimeifuta mara nyingi kuliko neno lingine lolote katika maisha yangu ya uhariri, si kwa sababu ya sarufi. Haimwambii mtu chochote. Anayelipwa vizuri Gigiri na anayehesabu nauli ya kurudi Umoja hawana “affordable” moja. Taja bei.

Tangazo lako ningeliandika hivi, na bei weka yako, hii nimeiweka kushika nafasi: “Private Swahili lessons, one-to-one, at your office, at your home or online. Two-hour lesson: KSh 3,000. I am a trained Kiswahili teacher based in Nairobi.” Umeona “Swahili” juu na “Kiswahili” chini, nimekusudia, kwa kuwa chini unataja taaluma yako kwa jina lake. Kisha, kama mama yule atakubali, ongeza mstari mmoja: “My current student now argues with matatu conductors.” Ningekuwa mgeni mjini, ningepiga simu kwa sababu ya mstari huo.

SWALI: Mwalimu, kijana wangu ameomba nafasi ya chuo Marekani. Walituma makaratasi ya gharama, na mstari wa kwanza ni “Tuition”, maelfu ya dola. Nilishangaa. Kijana wangu alipata A za kutosha na hajawahi kuhitaji kufundishwa pembeni. Nikawaandikia mwenyewe: “My son is a bright boy and does not require tuition. Kindly remove that charge.” Wamejibu kwa upole sana wakinielekeza kwenye fomu za msaada wa fedha. Binti yangu anasema nimewaaibisha. Je, nimekosea wapi?
Mama wa watatu, Donholm

JIBU: Mama, kwa Kiingereza cha Kenya barua yako haina kosa. Tatizo ni kwamba Marekani “tuition” ni karo yenyewe, pesa za kufundishwa chuoni. Walichosoma wao ni mzazi anayeomba mtoto asamehewe karo kwa kuwa ana akili, na kwao hilo ni ombi la kawaida kabisa, ndiyo maana wakakupa fomu. Zijaze! Huenda kosa hilo likawa faida.

Uingereza neno hili lina maana ya mafundisho, na pesa zake huitwa “tuition fees”. Vyuo vya Uingereza vilianza kuwatoza wanafunzi wa huko mwaka 1998, hadi pauni 1,000 kwa mwaka, na tangu wakati huo zimepanda mara kadhaa. Asili ya neno ni Kilatini, kulinda au kuangalia, na “tutor” ni wa ukoo huo huo. Sisi tulilipokea kutoka kwa Waingereza tukalibana hadi likawa masomo ya pembeni peke yake.

Kwa hiyo ukiwaandikia tena Wamarekani na unataka kusema mtoto alifundishwa nyumbani na mwalimu wa kukodi, sema “private tutoring”. Ukiandika “private tuition” watadhani alisoma shule ya kibinafsi na unawaeleza karo yake. Barua ya kwanza iacheni ilivyo. Mwambie binti yako kwamba ofisi hizo hupokea barua kutoka dunia nzima na yako si ya ajabu hata kidogo.

SWALI: Binti yangu hufundishwa piano na mwalimu anayekuja nyumbani, pamoja na binamu zake wawili. Binamu wanacheza badala ya kujifunza. Nataka mwalimu amfundishe peke yake, na mwalimu ni Mwingereza, kwa hiyo lazima nimwandikie. Niliandika “I want private lessons for her”, akajibu, “But these are private lessons.” Nimeishiwa maneno.
Baba wa mcheza piano, South B

JIBU: Mwalimu yuko sahihi, nawe pia una haki yako. Masomo tayari ni “private”, kwa sababu anakuja kwako na unamlipa wewe. Unachotaka kubadilisha ni idadi ya watoto, na hapa ndipo “individual” inapostahili mshahara wake: “We would like her to move from shared lessons to individual lessons.” “Shared” inataja hali ilivyo sasa, “individual” inataja unayoitaka, hakuna la kubishania.

Angalia pia ile “I want”. Kwa Kiswahili “nataka” inaweza kupita kati ya watu wanaofahamiana, lakini kwa Mwingereza ni kama umegonga meza. “We would like” au “Could we” ndiyo adabu yao. Kama unaona sentensi yangu ni ya kiofisi mno, uliza tu: “Could Wednesday's lesson be for her alone?” Usimtaje binamu yeyote kwa ubaya. Wazazi wao watakuja kusoma ujumbe huo siku moja, na hapo hata mimi sitaweza kukusaidia.

Bei itapanda, bila shaka. Wakati wa kukubali muulize kama ni kwa somo au kwa mwezi: “Is that per lesson or per month?” Nimeona undugu na urafiki ukiharibika kwa kukosa hilo “per”.

SWALI: Mwalimu, nimefundisha hesabu watoto wa watu tangu nimalize chuo. Kwenye wasifu wangu wa kazi niliandika “Private teacher”, na kwenye mahojiano niliulizwa ni shule gani ya kibinafsi. Nilipojibu kwamba hakuna shule, walitazamana. Niandikeje? Nimekuambatishia pia karatasi ninayobandika mtaani, uipitie.
Mtafuta kazi, Kahawa West

JIBU: Walitazamana kwa sababu “private teacher” kwa Wakenya wengi ni mwalimu wa shule ya kibinafsi. Andika “Private tutor, self-employed”, kisha ueleze kazi yenyewe ili asibaki mtu wa kukisia: “Taught mathematics one-to-one to Form Three and Form Four students in their homes.” Kitenzi mbele, somo, idadi, kidato, mahali. Usiandike “I was teaching”, na usiandike “various students” kana kwamba hukuwafahamu.

Kuhusu karatasi ya mtaani, bado inaahidi kuwaandaa watoto kwa KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Mtihani huo ulifanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Mzazi makini atakayeiona atashuku kwamba hata hesabu zako ni za mwaka huo. Halafu umeandika “an TSC registered teacher”. Kwa kuwa herufi ya kwanza hutamkwa “ti”, ni “a”, na kistari kinahitajika: “a TSC-registered teacher”. Kama nambari yako ya usajili haijatoka, sentensi hiyo iondoe kabisa hadi itoke.

SWALI: Kwa ufupi tu, Mwalimu: “a one-hour lesson” au “an one-hour lesson”? Ofisini tumegawanyika.
Karani, Industrial Area

JIBU: “A one-hour lesson”, kwa sababu “one” hutamkwa ikianza na sauti ya “w”. Lakini ni “an hour”, na “an hour-long lesson”, kwa sababu herufi ya kwanza ya “hour” haitamkwi. Wale wa “an one” waombeni walipe chai ya saa nne.